Mshauri aliniuliza najisikiaje, nikamjibu safi tu

Shikamoo Mjomba.

Ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika. Hata hii naiandika kwa simu nikiwa kwenye foleni Tunduma, leo siku ya tatu. Nina miaka 43, mke na watoto watatu, nyumbani ni Kibaha. Naendesha lori, Dar kwenda Lubumbashi, huu ni mwaka wa 16.

Mwezi wa tano mwaka jana tulipasukiwa tairi la tela usiku, mbele kidogo ya Mafinga. Kulikuwa na ukungu. Nilimwambia utingo wangu akate matawi ayaweke barabarani nyuma yetu, kama kawaida, mimi nikawa natoa jeki. Nikasikia gari linakuja kasi, halafu nikasikia mlio ambao sitaki kuueleza. Lile gari halikusimama. Yule kijana nilikuwa naye miaka minne, na mimi ndiye niliyemtuma kwenda kule nyuma. Hilo hata mke wangu halijui. Anajua tu kwamba aligongwa.

Sikuwahi mazishi. Siku wanazika kwao Tukuyu, mimi nilikuwa bado naandikisha maelezo polisi. Bosi alituma rambirambi, akanipa wiki mbili, kisha akapiga simu: mzigo uko bandarini, unakuja au nimpe mwingine? Nikaenda.

Tangu hapo usingizi hakuna. Nikiwa nyumbani nilianza kunywa pombe kali kidogo ili nilale, siku hizi si kidogo tena. Juzi mwanangu wa pili aliangusha mfuniko wa sufuria jikoni, nikajikuta nimesimama nimemkunja shati na mtoto analia. Utingo mpya simruhusu kushuka usiku. Tairi likipasuka nabadilisha mwenyewe, yeye namfungia ndani ya kabini. Wenzangu wananicheka, wanasema nimepata mchumba. Kandambili za marehemu bado ziko nyuma ya kiti changu, sijui nizipeleke wapi. Nikifika Uyole, pale njia ya kwao inapochepuka, naangalia upande wa pili.

Mke wangu alinitafutia miadi kwa mshauri wa hospitali moja. Nilienda mara mbili. Chumba kidogo, viti viwili vinatazamana mpaka magoti yanataka kugusana, mezani boksi la tishu, ya kwanza imeshavutwa inanisubiri. Mshauri ni binti, nadhani hajafika 30, akaniita kwa jina langu la ubatizo kama mwalimu anavyoita darasani. Akanipa fomu ya maswali tisa. Nikatia alama kwenye "hapana kabisa" zote tisa, nikamrudishia. Akauliza: "Unajisikiaje?" Nikamjibu: "Safi tu." Akanyamaza, ananiangalia. Mjomba, kutazamwa vile na mtu nisiyemjua ni kama nimesimamishwa na trafiki. Nikawa naangalia feni. Mara ya pili akarudia swali lilelile, akaongeza la utoto wangu na baba yangu. Baba yangu ametokea wapi? Nikalipa, nikaondoka, sikurudi tena. Nilitegemea anishauri, si ndiyo kazi ya mshauri? Hakunishauri hata neno moja.

Mimi si mtu wa kuongea. Niliyekuwa naongea naye ni marehemu. Usiku tukitoka Chalinze mpaka Mikumi ni stori tu, madeni, mpira, mambo ya nyumbani, hadi yale ambayo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Sasa mke amesema nikirudi safari hii nisipokwenda tena kwa mshauri, anachukua watoto anaenda kwao. Nampenda mke wangu, lakini kurudi kwenye kile kiti siwezi. Na bosi akisikia naenda kutibiwa akili, ufunguo wa gari sitauona tena. Je, kuna ushauri wa wanaume? Nitafute mwanaume mwenzangu? Au nijikaze tu, itapita?

Baba Zai, Kibaha

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana kwa kijana wako.

Kuna jambo moja tulimalize kabla ya hayo ya kiti na tishu. Ile fomu ya maswali tisa naijua, nimeitumia miaka. Swali la mwisho linauliza kama katika wiki mbili zilizopita umewaza kwamba ni heri ufe, au umewaza kujidhuru. Alama uliyoweka mbele ya yule binti siitaki. Nataka jibu unalolijua mwenyewe unapoteremka Kitonga usiku, umeshika usukani peke yako. Kama ni ndiyo, hata mara moja, usiendelee na safari. Egesha gari, mpigie mkeo, nenda hospitali kubwa iliyo karibu na uwaambie hivyo hivyo bila kuzunguka. Wanaume wengi hulikwepa swali hili kwa sababu wamesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kuwaza si kujaribu, na anayekuuliza hana mpango wa kukupeleka polisi. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, na wanaume wanakufa hivyo zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mimi nimezika wawili niliowafahamu. Wiki ile wote walikuwa "safi tu".

Fomu yenyewe nayo ina lawama. Inauliza huzuni, uchovu, hamu ya kula. Hasira haimo. Pombe haimo. Kumkunja mtoto shati haimo. Wanaume wengi mawazo yakiwazidi yanatokea upande huo, kwenye ukali, kwenye chupa, kwenye mwendo kasi, kwa hiyo hata ungejibu kwa uaminifu wote fomu ingekuona nusu. Ila usingizi umo, swali la 3, na hapo ulidanganya.

Umelalamika kwamba mshauri hakukushauri. Una haki, na wa kulaumiwa hapo ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu akienda kwa mshauri anategemea arudi na shauri, kama anavyokwenda kwa mzee wa ukoo: unaeleza, anakohoa, anakwambia fanya hivi. Yule binti chuoni alifundishwa kwamba kazi yake ni kukusaidia ulipate mwenyewe, asikupe la kwake. Wewe hukujua hilo na yeye hakukwambia. Mkasubiriana kama malori mawili kwenye daraja jembamba, kila mmoja anamwashia mwenzake taa apite.

Mimi nilianza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za ushauri nasaha na kupima virusi vya UKIMWI kwa hiari. Kwa wanaume wa rika langu maneno hayo "ushauri nasaha" mpaka leo yananuka ngoma. Ukionekana kwenye mlango ule, mtaa mzima umeshakupima na kukupa majibu. Wanawake tuliwapata kupitia kliniki ya wajawazito. Wanaume walikuja jioni tunataka kufunga, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, wakakaa, wakasema safi, wakaaga. Nikawa naandika kwenye faili kwamba mteja hana la kusema. Mpaka siku moja nilimsindikiza mmoja hadi getini, kwa adabu tu, kama unavyomsindikiza mgeni. Tulipolipita tangi la maji, bila kugeuza shingo, akalitoa lile alilokuja nalo. Tulisimama pale getini dakika arobaini, nzi wanatucheza. Tangu siku ile nikawa nawasindikiza wote, na baadhi yao nikaanza kuwasindikiza kabla hawajaketi. Msimamizi wangu hakupenda.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeandika kwamba wewe si mtu wa kuongea, na papo hapo ukaniambia kwamba usiku ulikuwa unaongea kutoka Chalinze mpaka Mikumi. Kwa lori lenye mzigo hizo ni saa nne hivi! Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kupata saa nne za mwanaume kwa mkupuo. Kabini ilikuwa na nini ambacho chumba cha yule binti hakina? Macho yako yalikuwa barabarani, mikono imeshika kitu. Ulikuwa na giza. Ukinyamaza hakuna anayekutolea macho, injini inaendelea kunguruma na wewe unaendelea utakapotaka. Na yule kijana naye alikuwa na yake ya kusema, haikuwa wewe tu unayevuliwa nguo.

Ndiyo maana sitakuambia utafute mshauri mwanaume. Tafuta kabini.

Mpigie yule binti, au mtumie ujumbe kabla ya kwenda, ili uso kwa uso usikufunge mdomo tena. Mwambie hivi: "Dada, mara zile mbili sikukujibu ukweli kwenye fomu. Nilimpoteza utingo wangu barabarani, na mimi ndiye niliyemtuma. Siwezi kuongea nikitazamwa. Naomba viti tuvigeuzie dirishani, au tukae benchi la nje, au tutembee. Na uniite Baba Zai." Usione aibu kwa hilo la mwisho. Mtu wa miaka 43 hafunguki akiitwa kama yuko kwenye daftari la mahudhurio. Kisha muulize mambo unayomuuliza fundi kabla hajafungua injini: tatizo unalionaje, utafanya nini, itachukua safari ngapi, nitajuaje kwamba limepona. Mshauri mzuri atafurahi kuulizwa hayo. Akikasirika, badilisha mshauri. Hospitali za mikoa zina maafisa ustawi wa jamii, na kwenye idara ya afya ya akili wapo wengine. Ukimtaka mwanaume omba, ni haki yako, ila ujue nimeona washauri wanaume ambao dakika ya tano tu wameshakwambia kaza moyo. Wewe hukumkimbia mwanamke, ulikikimbia kiti.

Suala la benchi si mzaha wangu. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi kadhaa wazee wa mtaa wa Mbare, Harare, wakawa wanawapokea wagonjwa kwenye benchi la nje ya zahanati. Hawakutumia neno la kitabuni. Walitumia la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Mnataja matatizo, mnachagua moja, mnalipangia la kufanya wiki hii. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa benchini dalili zao zilipungua kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sitakuficha: wengi wa waliofika walikuwa wanawake. Benchi peke yake halijawaita wanaume.

Kwa shida yako wewe kuna kazi nyingine ambayo ningeipendelea zaidi. Hicho ulicho nacho, kushtuka kwa mfuniko wa sufuria, kuikwepa Uyole, kumfungia kijana wa watu kwenye kabini, kinaitwa kiwewe na kina tiba yake. Kuna wataalamu waliotumia njia ya masimulizi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali waliotoka vitani. Waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na matokeo mazuri yalichapishwa 2008. Kazi yenyewe iko hivi. Kamba inatandazwa sakafuni. Hiyo kamba ni maisha yako, tangu kuzaliwa mpaka leo. Palipokuwa pazuri unaweka ua, palipoumia unaweka jiwe. Unaweka mwenyewe, kwa mikono yako, macho yakiwa chini. Vikao vinavyofuata mnapita jiwe moja moja kwa mpangilio: gari lilikuwa limeelekea wapi, ukungu ulifika wapi, jeki ulikuwa umeishika mkono gani, ulisikia nini kwanza na nini baadaye. Mshauri anaandika. Kikao kijacho anakusomea, unamsahihisha pale alipokosea, mnaendelea.

Dereva atalielewa hilo kuliko profesa. Ule usiku wa Mafinga haujawekwa mahali pake kichwani mwako, uko wazi kama mzigo usiofungwa kamba, na kila tuta unaruka. Ukiusimulia kwa mpangilio, mara nyingi, unakaa nyuma, kwenye mwezi wa tano wa mwaka jana. Na huenda swali la baba yako lilitoka hapo. Binti alikuwa anatafuta mwanzo wa kamba, akasahau kukuonyesha kamba yenyewe.

Usiseme sikukuonya: vikao vya kwanza vinauma, na unaweza kukosa usingizi zaidi kwa siku kadhaa. Vipange ukiwa nyumbani, siku chache kabla ya kushika usukani, si asubuhi ya safari. Vya katikati vya kujuliana hali mnaweza kufanya kwa simu hata ukiwa kwenye foleni Tunduma. Foleni ya siku tatu ina nafasi ya saa moja. Kuhusu bosi, uliza kabla hujafungua mdomo: faili langu linakaa wapi, nani analisoma? Epuka zahanati inayolipiwa na kampuni na jambo hili halitamfikia.

Pombe. Inakulaza mapema na inakuamsha usiku wa manane, ndiyo maana kidogo imekuwa si kidogo. Mwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa. Kama umeshafika mahali pa kunywa kila siku, usiache ghafla bila yeye kujua, mwili unaweza kukugeuka. Na usiku ambao hukulala, usiendeshe. Wewe kuliko mtu yeyote unajua dereva aliyechoka anaweza kufanya nini kwa mtu aliyesimama nyuma ya tela.

Umeona sijakuambia kwamba si kosa lako. Nadhani kila aliyekupa pole alikwambia hivyo, na hakukusaidia. Matawi madereva wote wanaweka, na wewe ulimtuma kama ulivyotumwa wewe ulipokuwa utingo. Hilo utalifikia mwenyewe ukishalipitia lile jiwe, sitaki kukuharakisha. Lakini utingo mpya asikae gerezani kwa ajili yake. Nunua vibao viwili vya pembetatu vinavyong'aa na koti la kuakisi mwanga, bosi akigoma nunua kwa posho yako, umfundishe kuvitumia. Na mwambie kwa nini unamfungia. Anadhani humwamini.

Kandambili usizitupe. Zipeleke Tukuyu kwa mama yake, lakini si safari hii, na si peke yako. Lipange na mshauri, liwe jambo la mbele kidogo, ukishaweza kupita Uyole bila kugeuza shingo. Mwaka umepita, najua unaona haya. Sisi kwetu mtu huja kuhani hata baada ya miaka mitatu, akapokelewa, akawekewa maji ya kunawa. Mama yule atakuwa na maswali ambayo polisi hawakumjibu, na aliyekuwepo ni wewe.

Na mkeo? Anatishia kuondoka kwa sababu anaishi na mtu asiyemjua. Mwambie ile ya matawi. Usimkalishe sebuleni, utasema safi. Ukirudi, siku ya kupeleka gari sheli kujaza mafuta, mwombe akusindikize. Apande kiti cha utingo, wewe tazama mbele.